Mbunge Aliyeleta Maswali

Wasomaji wapenzi, leo nataka kuwasimulia habari ya kicheko kimoja. Kicheko chenyewe ni changu mimi, na nimekaa nacho miaka mingi kama mwiba wa samaki kooni. Huenda baadhi yenu nanyi mmepata kucheka vivyo hivyo. Basi someni, kisha kila mtu ajipime mwenyewe.

Kijiji chetu kiko kando ya Ziwa Viktoria. Ng'ambo ya pili, ukisimama mwaloni asubuhi wakati hakuna ukungu, waona mabati ya mji mdogo wenye soko, hospitali na barabara ya lami. Kwa macho ni karibu, lakini kwa nchi kavu ni mzunguko wa siku nzima. Kwa hiyo tangu enzi za babu zetu twavuka kwa maji. Wao walipiga makasia. Sisi twapanda mtumbwi wa mashine. Mgonjwa huvuka humo, mama mjamzito huvuka humo, dagaa na muhogo huvuka humo, na watoto wanaosoma sekondari huvuka humo pia. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo kijijini mpaka nilipostaafu, na wanafunzi wangu wote nimewaona wakiondoka kwa njia hiyo moja.

Miaka kadhaa kabla ya 2018, mbunge wetu wa wakati ule alikuja kutuaga, maana uchaguzi ulikuwa umekaribia. Jina lake silitaji. Alikuwa mtu mpole, asiye na maneno mengi. Tulikusanyika chini ya mwembe, wazee kwenye benchi, kina mama kwenye khanga zao, vijana wamesimama nyuma. Mwenyekiti wa kijiji akamkaribisha. Mara mzee mmoja akasimama akauliza lile swali ambalo kila mbunge hulijua: "Mheshimiwa, katika miaka hii yote, umetuletea nini?"

Mbunge akafungua mkoba wake, akatoa karatasi. Akasema: "Wazee wangu, nimeuliza bungeni swali juu ya mwalo wenu. Nimeuliza ni lini Serikali itatupatia kivuko. Nikaongeza maswali mawili: kabla ya kivuko kuja, ni nani anayekagua mitumbwi hii? Na ni nani anayehesabu watu wanaopanda?"

Watu wakanyamaza, wakingoja aseme jambo jingine. Hakuwa na jingine. Ndipo mimi, mwalimu, mtu wa kuheshimiwa, nikasimama nikasema: "Mheshimiwa, maswali hayamvushi mtu ziwa."

Ah, watu walicheka! Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Mimi mwenyewe nilicheka, na jioni ile nikapita kijijini nikipongezwa. Mbunge akakunja karatasi yake, akatushukuru, akaenda zake. Wiki iliyofuata akaja mgombea mwingine, akagawa mipira miwili ya miguu na jezi. Kura zetu zikaenda huko. Yule wa maswali hakurudi tena Dodoma.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana habari yenyewe inaanzia hapa.

Ilipita miaka miwili. Siku moja ya gulio mimi na mke wangu, Mama Furaha, tulivuka kwenda kuuza dagaa. Tulikuwa na mjukuu wetu wa miaka minne. Jioni wakati wa kurudi tulikuta mtumbwi umekwisha jaa. Nahodha akasema, "Mwalimu, ngojeni wa pili." Mimi nikamwambia, "Baba, jua linakuchwa, mtoto anataka kulala. Tubebe tu, sisi watu watatu tutakuzidishia nini?" Nikamshindilia na fedha kidogo juu ya nauli. Kwa kuwa nilimfundisha darasa la tatu, aliona haya kunikatalia. Tukapanda. Nyuma yetu wakapanda wengine waliosema vilevile, na mifuko mitano ya saruji.

Katikati ya ziwa upepo ukageuka. Wimbi la kwanza likatulowesha, la pili likaingia ndani. Mashine ikazima. Hapakuwa na jaketi la kuokolea hata moja. Palikuwa na ndoo moja ya kuchotea maji, nayo imepasuka. Nahodha akapiga kelele, "Tupeni mizigo!" Tukatupa saruji, tukatupa magunia, tukatupa na vitu tulivyonunua vya mwezi mzima. Mama Furaha alivua khanga yake, akamfunga mtoto kifuani mwangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Furaha, mimi sijui kuogelea. Wewe shika mtoto." Hakusema neno jingine. Naye alijua, kama mimi, nani aliyembembeleza nahodha.

Tulifika. Wavuvi wa kijiji cha jirani walituona wakatuvuta. Hakuna aliyekufa. Lakini usiku ule sikulala, na maneno yangu ya chini ya mwembe yalinirudia: maswali hayamvushi mtu ziwa.

Asubuhi watu mwaloni walikuwa wakisema, "Serikali haituoni." Nami nilisema hivyo. Ila nilikuwa na kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, anayefanya kazi mjini. Nikamwomba anitafutie kumbukumbu za Bunge, yaani Taarifa Rasmi ambamo kila neno linalosemwa bungeni huandikwa. Baada ya muda akanitumia kurasa tatu. Nilizisoma chini ya taa, Mama Furaha akisikiliza. Swali la yule mbunge lilikuwamo, neno kwa neno kama alivyotuambia. Na jibu lilikuwamo. Juu ya kivuko, Serikali ilisema fedha zitatafutwa. Lakini juu ya ukaguzi, ilikubali kwamba hoja ni ya kweli, ikaahidi kwamba mkaguzi atafika mwaloni kuangalia mitumbwi na kuweka utaratibu.

Ahadi ilitolewa mbele ya Bunge zima. Mkaguzi hakufika. Na hakuna aliyeuliza tena kwa nini hakufika, kwa sababu mtu wa kuuliza tulikuwa tumemtoa sisi wenyewe, kwa mipira miwili na jezi.

Mama Furaha akakunja zile karatasi polepole, akasema, "Kumbe yule baba hakuja mikono mitupu."

Wasomaji wapenzi, kwa nini nawaeleza mambo haya ya aibu yangu? Kwa sababu jambo hili si la kijiji chetu peke yake. Nchi yetu imekwisha kulipa kwa machozi.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikitoka Bukoba. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na tume iliundwa kuchunguza. Makaburi ya wengi wao yako Igoma, Mwanza, na anayepita pale huona jinsi hesabu inavyokuwa inapoandikwa kwa udongo badala ya kuandikwa kwenye daftari la gatini.

Watu walisema, "Haitatokea tena." Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora, Ukerewe. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilitengenezwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Yaani waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya wote ambao kivuko kiliruhusiwa kubeba. Waliookolewa wakiwa hai walikuwa 41.

Sasa tazameni jambo hili, maana ndilo kiini cha maneno yangu. Mbunge wa Ukerewe wa wakati ule, Joseph Mkundi, alikuwa amekwisha kuzungumza bungeni juu ya ubovu wa kivuko hicho kabla ya ajali. Na mwezi Julai mwaka ule ule kivuko kilifanyiwa matengenezo makubwa ya injini. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba Bunge lilinyamaza, wala hawezi kusema kwamba hakuna lililofanyika. Injini zilishughulikiwa. Lakini kilichobaki bila kushughulikiwa ni kile kisichoonekana Dodoma: mlango wa kivuko siku ya gulio, watu wanaingia na magunia, na hakuna anayesema, "Basi, imetosha."

Bunge laweza kuona injini kwenye karatasi. Laweza kuona fedha zilizotengwa na fedha zilizotumika. Lakini mwalimu anayembembeleza nahodha, "Sisi watatu tutakuzidishia nini?", Bunge halimwoni. Huyo anaonwa na jirani yake tu.

Yafaa basi tujue kazi ya Bunge ni nini, maana wengi twafikiri mbunge ni mtu wa kuleta mabati. Katiba yetu, katika ibara ya 63, yasema kwamba wabunge, kwa niaba ya wananchi, ndio wenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Ibara hiyo hiyo inataja njia zake. Mbunge aweza kumwuliza waziri yeyote swali juu ya jambo lolote la umma lililo chini ya wizara yake. Bunge huijadili kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti. Tena kuna kamati. Kamati ya Miundombinu huangalia barabara, reli, bandari, viwanja vya ndege na vyombo vya majini. Huita wakubwa wa wizara wajieleze, na huenda kutazama kwa macho. Kuna na Kamati ya Hesabu za Serikali, inayosoma taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Huyu Mkaguzi Mkuu amewekwa na ibara ya 143 ya Katiba. Kila mwaka hukagua hesabu, na taarifa yake hupelekwa kwa Rais, kisha bungeni.

Je, hayo yote yana nguvu, au ni maneno tu? Nitawapa mifano mitatu, mamoja kwa mamoja, ili mwone nguvu na upungufu wake.

Wa kwanza ni reli. Mwaka 2007 Serikali iliikodisha reli ya kati kwa kampuni ya RITES ya India, mkataba wa miaka 25. Matokeo hayakuwa kama yalivyotarajiwa: safari zilipungua, wafanyakazi waligoma, na bungeni wabunge walipiga kelele juu ya mkataba ule. Haukufika hata miaka mitano. Mwaka 2011 reli ilikuwa imerudi mikononi mwa Serikali. Hapa twaona Bunge likisaidia kuvunja kilichoharibika. Lakini twaona pia kwamba kelele zilikuwa kubwa zaidi baada ya mkataba kutiwa saini kuliko kabla yake. Kuuliza mapema ni nafuu kuliko kulia baadaye. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wa pili ni wa mwaka 2012. Mwezi Aprili taarifa za Mkaguzi Mkuu zilijadiliwa bungeni kwa ukali mno. Wabunge walikusanya saini za kutaka kumwondoa Waziri Mkuu ikiwa mawaziri waliotajwa hawatawajibika. Mwezi Mei Rais Jakaya Kikwete akabadili Baraza la Mawaziri, na mawaziri sita wakaachwa nje, yule wa Uchukuzi akiwa mmoja wao. Sisemi kila aliyeondoka alikuwa na kosa. Hilo si langu kuamua. Nasema tu kwamba karatasi ya mkaguzi, ikipata wabunge wa kuisoma, yaweza kutikisa viti.

Wa tatu unagusa mfuko wako, wewe msomaji. Mwaka 2021, baada ya wabunge kulalamika sana juu ya barabara za vijijini, Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, ili fedha hizo ziende kwenye barabara zinazosimamiwa na TARURA. Wewe husema huna gari. Lakini bodaboda iliyokubeba inakunywa petroli. Gari lililoleta sukari dukani linakunywa dizeli. Shilingi hizo umezilipa. Basi ukiona daraja la kijijini limekatika mwaka wa pili sasa, usiombe kana kwamba waomba zawadi. Uliza kama mtu anayeuliza chenji yake dukani.

Nisiwadanganye lakini. Usimamizi huu una udhaifu wake. Mawaziri wenyewe hutoka miongoni mwa wabunge, na mbunge wa chama kinachotawala mara nyingine huona vigumu kumbana waziri wa chama chake. Wako wanaouliza maswali ili tu jina lisikike redioni, wakisha jibiwa hukaa chini wakishukuru. Na majibu nayo yana desturi yake: "Serikali itaendelea kutafuta fedha," "Jambo hili linafanyiwa kazi," "Usanifu unaendelea." Majibu kama haya si uongo, lakini ni kama nyavu zenye matundu makubwa, ukizivuta, samaki hayumo. Dawa yake ni moja: kuuliza tena. Lini? Kiasi gani? Nani atakayefika, na tarehe ngapi?

Swali la kwanza hufungua mlango. Swali la pili ndilo linaloingia ndani. Na swali la pili haliwezi kuulizwa na mbunge asiyejua kama ahadi ya kwanza ilitimizwa au la. Yeye yuko Dodoma. Sisi ndio tuko mwaloni.

Nitawaeleza sasa tulichofanya, si kwa kujisifu, bali ili nanyi mpate pa kuanzia. Baada ya kusoma zile karatasi, nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaungama mbele ya wazee kwamba mimi ndiye niliyembembeleza nahodha. Wengine walicheka, wengine waliinamisha vichwa, maana nao hufanya hivyo. Tukakubaliana mambo manne.

Kwanza, tulinunua daftari. Kila siku ya gulio kijana mmoja na mama mmoja wa kikundi cha dagaa walisimama mwaloni wakiandika: mtumbwi gani, saa ngapi, watu wangapi, majaketi mangapi. Hatukuandika malalamiko wala matusi. Tuliandika hesabu tu. Miezi mitatu daftari likajaa.

Pili, tulitafuta kujua jambo letu ni la nani. Hapa wengi hupotea. Humlaumu diwani kwa jambo la wizara, au humlaumu waziri kwa jambo la halmashauri. Basi shikeni hili: barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, za wilaya na vijijini ni za TARURA, vivuko vya Serikali viko chini ya TEMESA, reli ni ya TRC, nauli na leseni za mabasi husimamiwa na LATRA, na usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na TASAC. Barua iliyotumwa mlango usio wake hukaa tu mezani.

Tatu, tuliandika barua fupi. Ndani yake tulinakili ile ahadi ya bungeni, tukataja tarehe yake, tukaeleza kwamba haikutimizwa, tukaambatisha kurasa za daftari. Nakala moja tuliipeleka wilayani, nyingine kwa mbunge. Yule wa mipira? Ndiyo, yeye huyo. Na nisimdhulumu: alipoona hesabu zetu alishtuka. Alisema, "Mwalimu, mngenipa hizi mapema." Nikamjibu, "Mheshimiwa, nasi hatukuwa nazo." Akaziuliza bungeni, moja moja, na alipojibiwa kwamba jambo linafanyiwa kazi, akauliza tena: mkaguzi atafika lini?

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, tuliapa kutombembeleza nahodha.

Mkaguzi alifika. Alikaa siku mbili. Mitumbwi miwili mibovu aliizuia, iliyobaki ikaandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe hesabu ya watu inayoruhusiwa. Majaketi yalinunuliwa, nusu kwa fedha za wenye mitumbwi, nusu kwa nyongeza ya nauli tuliyokubaliana wenyewe. Kivuko bado hatujapata. Sisemi tumeshinda. Nasema kwamba mtoto wa shule akipanda leo, kuna namba nyeupe ubavuni mwa mtumbwi, na kuna mama mwenye daftari anayesema, "Basi, imetosha."

Tena si kweli kwamba nchi haisogei. Mwaka 2024 treni ya reli mpya ya kisasa ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu hivi, lilizinduliwa juu ya maji ambayo zamani watu waliyangojea kuvuka kwa saa nyingi. Kazi kubwa hizi ni za kufurahia. Lakini ni kazi kubwa hasa zinazotaka macho mengi, maana gharama yake ni kodi yetu na deni la watoto wetu. Na kadiri kazi kubwa zinavyong'aa, ndivyo mwalo mdogo unavyoweza kusahaulika. Ni nani atakayeukumbuka, kama wenyewe hawausemi?

Mwaka jana nilifunga safari nikaenda kwa yule mbunge wa zamani. Siku hizi analima na kufuga mbuzi wachache. Nilimkuta anatengeneza mpini wa jembe. Nikamwambia, "Mzee wangu, nimekuja kukuomba radhi kwa maneno yangu ya chini ya mwembe." Akaniangalia kidogo, akacheka. Akasema, "Mwalimu, nilikuwa nimekwisha sahau."

Lakini hakuwa amesahau. Maana tulipokuwa tukinywa chai, aliniuliza bila kuinua macho, "Hivi, yule mkaguzi alifika?"

Nikamwambia, "Alifika."

"Na watu wanahesabiwa?"

"Wanahesabiwa."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mpini wake. Hakuuliza juu ya kivuko, wala juu ya nani alipata sifa.

Wasomaji wapenzi, uchaguzi huja na kupita, na wagombea watafika tena chini ya miembe yenu. Mtu akisimama kumwuliza, "Umetuletea nini?", msimzuie, ni haki yake. Lakini mmoja wenu asimame baada yake aulize: "Umeuliza nini kwa ajili yetu? Ulijibiwa nini? Na ulipojibiwa, uliuliza tena?" Kisha mgeukie nafsi zenu, kila mmoja aulizwe naye: umempa nini cha kuuliza?

Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa ule wangu wa kucheka. Na siku ya gulio, jua likikuchwa, nanyi mkikuta mtumbwi umejaa, tafadhalini ndugu zangu, ngojeni wa pili.